Anayesubiri ni Debe

Siku ile nyumbani kwa kaka yangu, kijijini Kinole kule mlimani, tulikuwa watu sita. Kaka yangu mkubwa, mwenye nyumba na msemaji wa ukoo wetu. Mama yetu mdogo, ziwa la mwisho la bibi yetu, ambaye masikio yalikuwa yameanza kumwacha lakini macho bado. Mtoto wake wa kiume, ambaye kwetu ni ndugu kabisa, si wa kusema binamu, na ndiye aliyekuwa fundi wa mashine ya kusaga pale kijijini. Mume wangu, ambaye si mtu wa ukoo wetu, kwa hiyo alikalia kigoda karibu na mlango kama mgeni, ingawa mtoto aliyekuwa anasemwa ni wake. Binti yangu, aliyekuwa anasemwa. Na mimi. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa jikoni akisikia vizuri kuliko sisi tuliokaa ndani. Ukimhesabu na yeye, tulikuwa saba.

Majina yao ninayo yote, la kuzaliwa, la dini na la utani. Sitaandika hata moja. Waliokufa hawawezi kunijibu, na walio hai wana wajukuu wanaosoma. Darasa la nne nililoishia linanitosha kuandika bila kumchongea mtu.

Kwetu Waluguru mtoto ni wa tumbo. Ukoo wake ni wa mama yake, tunauita lukolo, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Baba anamlea, anampenda, na kwenye kikao anasikiliza. Kwa hiyo neno la kaka yangu juu ya binti yangu halikuwa maoni. Lilikuwa amri, na siku ile alituita ili aitoe: binti yangu aache kazi ya ufundi aliyokuwa anafanya kwetu Kihonda, mjini, aende Dar es Salaam akakae ofisini.

Niseme kwanza alivyofika huko Kihonda.

Binti yangu alisoma biashara, akapata digrii nzima ya chuo kikuu. Kwenye ukoo wetu hakuna aliyewahi. Bibi yetu alituachia michungwa mistari miwili kule Kinole, na ukoo ulikubaliana mavuno ya mistari ile yamsomeshe yeye peke yake, tangu kidato cha kwanza. Miaka yote ile watoto wa wenzangu walipita chini ya michungwa ile wakitazama juu. Sasa mtu aliyekunyima chungwa lake miaka kumi hawezi kuiona digrii yako kama ni ya kwako tu. Ile digrii ilikuwa yetu wote.

Akamaliza wakati mbaya. Ulikuwa wakati ule wa ruksa, maduka yamejaa vitu, na mashirika ya umma yanauzwa moja baada ya jingine. Wanaume waliokuwa wanatoka asubuhi na tai walikuwa wanarudi nyumbani saa nne na boksi mkononi. Kaka yangu mwenyewe alikuwa mmoja wao. Alikuwa karani kwenye shirika miaka mingi, wakampunguza, akarudi Kinole na boksi lake la faili tupu na kalamu zake tatu za mfukoni, na kalamu zile aliendelea kuzivaa hata akienda shambani kupalilia. Sisemi kwa kumcheka. Nasema ili mjue kwamba alipotamka neno ofisi, alikuwa anatamka kitu kilichomuuma.

Binti yangu aliandika barua za kuomba kazi mpaka ikawa postamasta anamsalimia kwa jina. Hakuna. Siku moja akapita kwenye karakana moja ya Kihonda, wanatengeneza mashine za kukoboa mpunga na za kusaga nafaka. Mwenye karakana alikuwa mzee wa Singida, naye alipunguzwa kwenye shirika akaondoka na ujuzi wake. Binti yangu akamwamkia, akauliza kama kuna nafasi ya ofisini.

"Umesoma nini, mwanangu?"

"Biashara."

"Ofisi yangu ni hii," mzee akasema, akachomoa penseli sikioni, akamwonyesha, akairudisha. "Imeshapata mtu."

"Basi nifundishe spana."

"Na kucha hizo?"

Mtoto akazing'ata pale pale, moja moja, anazitema kwenye vumbi la chuma huku mzee anamtazama. Alipofika kidole cha nane mzee akasema inatosha, njoo kesho.

Alianzia chini, kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Mwaka ulipokwisha alikuwa anafungua injini na kuifunga bila kubakiza nati mkononi. Mimi ovaroli yake niliianika mbele ya nyumba, upande wa barabara, mahali ambapo wengine huanika mashuka ya wageni. Jirani mmoja akapita, mdomo wake haujui pazia.

"Mama Digrii! Naona joho la mahafali limeingia grisi."

"Limeingia na halitoki," nikamwambia. "Leta sabuni yako tusaidiane."

Lakini siyo kwamba alitupa alichosomea. Hapo ndipo watu walipokosea, na hapo ndipo mimi nasimama mpaka leo. Kwenye mashine ya kukoboa kuna mipira miwili ya mviringo inayozunguka, mpunga unapita katikati. Mipira ikilika, fundi anaisogeza ibanane, mashine inakoboa, fundi anafunga kisanduku chake anaondoka. Kulikuwa na mashine moja Dakawa iliyotengenezwa hivyo mara tatu na kila mara mwenyewe analalamika watu hawaji. Binti yangu alipotumwa, hakuanza na mashine. Alikwenda kukaa na wanawake wanaouza mchele, akawauliza mbona mnaipita hii karibu mnakwenda ile ya mbali. Wakamfungulia mifuko yao: huu wa huku, huu wa kule. Wa huku umekatikakatika, chenga tupu, mteja wa mjini hautaki. Mipira ilikuwa imebanwa kupita kiasi, akailegeza. Akarudi kumwambia mzee wake, "Mashine ni nzima, mzee. Wagonjwa ni wateja wake." Mzee alizoea kusema fundi asikilize mashine inasema nini. Tangu siku ile akawa anamwuliza binti yangu, "Na mwenye mpunga anasema nini?"

Sasa mtu wa Kinole aliyekwenda Dakawa kununua mpunga akamwona akifanya kazi hiyo, akapeleka habari mlimani. Ndivyo tulivyoitwa.

Kaka alianza kwa upole. Akasafisha koo.

"Nimeletewa habari," akasema, "kwamba mpwa wangu ameonekana amelala chini ya mashine, miguu tu ndiyo iko nje. Miguu! Nimekaa nikajiuliza: michungwa ya bibi imesomesha miguu?"

"Kichwa kilikuwa chini ya mashine, mjomba," binti yangu akajibu, sauti ya chini, macho chini. "Ndicho mlichokisomesha."

Jikoni kukasikika kicheko kimezimwa kwa kiganja. Kaka akangoja kiishe.

"Ndugu wa mke wangu yuko kwenye kampuni Dar es Salaam. Nimeongea naye. Kuna kiti."

"Kiti cha kufanya kazi gani, mjomba?"

"Kiti ni cha kukalia, mpwa wangu! Ukishakalia, kazi itakukuta."

Mama mdogo akanigusa goti. "Anasema nini?"

"Anasema kiti!" nikampigia kelele sikioni.

"Kiti kipi? Hiki ninachokalia?" Akakishika kwa mikono miwili.

Tukacheka wote, hata kaka, na kwa kucheka pale nilidhani jambo limelainika. Halikulainika. Kaka akasema kila mtoto wa ukoo anangoja. Binti akikaa ofisini atawavuta wenzake, huyu tarishi, yule mpiga chapa. Chini ya mashine atamvuta nani? Mume wangu, pale mlangoni, akasema, "Shemeji, huko maofisini ndiko wanakotoka watu sasa." Kaka hakumgeukia. Alisema tu kwamba mlango una upepo, kama anaona baridi asogee ndani. Mume wangu akabaki pale pale mlangoni, nikajua kuna siku nitasema mimi.

Aliyeleta njia ni yule ndugu yetu fundi, na aliileta kwa dhihaka.

"Haya, mpwa wangu fundi. Mashine yangu leo siku ya nne imelala. Mafuta yamo, haiwaki. Twende ukaiamshe na hiyo digrii."

Kaka akaidaka kama mtu aliyetupiwa chungwa. "Naam! Hilo ni neno. Aiamshe. Itembee mpaka mwezi mwingine uandame, isilale hata siku moja. Ikitembea, arudi Kihonda, na mimi sitatia neno tena. Ikilala, Dar es Salaam."

Mashine ile kila mtu aliijua. Ilikuwa inalala mara tatu kwa mwezi, ikilala wanawake wanashuka mlima na mahindi kichwani kwenda kusaga mbali, wengine wanarudia kinu na mchi. Nilitaka kusema kaka, hilo si sharti, huo ni mtego. Binti yangu akaniwahi.

"Nimekubali, mjomba."

Asubuhi tukaenda mashineni. Injini ilikuwa ya dizeli, ya kuwashwa kwa kuzungusha hendeli. Akafungua mahali panapopulizia mafuta, wanapaita nozeli, ikatoka nyeusi kama mbegu ya papai. Masizi matupu. Akaisafisha, akaosha na kichujio cha mafuta, akafunga, fundi akazungusha, ikawaka. Wanawake waliokuwepo wakapiga vigelegele. Fundi akanuna.

"Ni hivyo tu? Hata mimi ndivyo ninavyofanya kila wiki, safari hii nilichoka tu."

"Ndiyo, mjomba," binti yangu akasema. "Na mimi nataka kujua kwa nini unafanya kila wiki."

Akaomba gunia, akalikunja, akakaa ukutani na daftari. Alikaa siku nzima. Watu walidhani anapumzika. Mimi mwenyewe nilidhani ameishiwa.

Akaja mama mmoja na pishi moja ya mahindi. Fundi akasimama, akazungusha hendeli, mashine ikanguruma, pishi ikasagika kabla ya injini kupata joto, akaizima asichome mafuta bure. Akaja mwingine na nusu debe. Hendeli, nguruma, zima. Akaja kikongwe na mihogo mikavu kwenye kikapu. Hendeli, nguruma, zima. Siku ile iliwashwa mara kumi na tisa. Jioni binti yangu akafunga daftari.

"Mjomba, injini ya dizeli inataka kuchemka. Isipochemka inatengeneza masizi, masizi yanaziba nozeli. Yako haijachemka hata mara moja leo. Kwa nini yule mama wa kwanza hukumwambia angoje wenzake wafike, uwashe mara moja?"

Ndugu yetu akamtazama kama mtu aliyetukanwa. "Yule? Yule ni mama mkwe wangu! Nimwambie mama mkwe akae hapa, ananitazama namtazama?"

"Na yule wa pili?"

"Shangazi wa mke wangu."

"Mwenye mihogo?"

"Bibi yangu wa ukunga, alinitoa kwa mikono yake."

"Na yule aliyekuja anaimba?"

"Huyo mtani! Mwambie mtani asubiri uone. Atapanda juu ya mashine akutajie babu zako wote na makosa yao."

Hapo nikaelewa kabla mtoto hajasema. Kijiji kizima ni wakwe zake, shangazi zake, bibi zake na watani zake. Hakuna mtu mmoja ambaye angeweza kumwambia kaa hapo ungoje. Hakuwa mzembe, wala ufundi haukumpungukia. Heshima ndiyo iliyokuwa inaua mashine. Na fundi kutoka nje angekuja mara mia akabadilisha nozeli mara mia asilione hilo, maana angekuwa amelala chini ya injini, wakati ugonjwa umesimama mlangoni na khanga mbili.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani binti yangu alikuwa anacheka peke yake njiani. Nikamwuliza una nini.

"Mama, chuoni walitufundisha foleni muhula mzima. Watu wanaongoja, wanaohudumia, nani aingie lini. Niliona upuuzi, nikasema nani amekuja chuo kikuu kusomea kupanga mstari. Na Kihonda mzee amenifundisha masizi. Leo ndiyo vimekutana."

Kesho yake akasema dawa yake. Injini haiwashwi mpaka madebe kumi yajae kwenye mstari. Fundi akasema nimekwambia wakwe siwezi kuwaweka mstarini. Akamjibu, "Usiwaweke. Mama mkwe anakuja, anaacha debe lake, anakwenda zake shambani au mtoni. Anayesubiri ni debe. Mkwe hasubiri." Akachukua mbao mbili ndefu, akazilaza chini ya ukuta, na kwa mkaa akachora alama, kila mwenye debe alama yake: huyu jani, huyu samaki, huyu msalaba, huyu mwezi. Hakuna aliyehitaji kujua kusoma.

Fundi akazitazama zile mbao. Halafu akasema, "Debe langu la kwangu mwenyewe nalo nipange?" Binti yangu akasema nalo. Akasema, "Haya."

Wanawake ndio waliokataa. Mtu haachi chakula chake machoni pa watu. Nani amejua kitachanganywa na cha nani, nani atapita na mkono wake? Mama mkwe wa fundi ndiye aliyekuwa mbele.

"Mimi niache mahindi yangu hapa kama yatima? Nani atakayeyaangalia?"

Likizo ya binti yangu ilikuwa imekwisha, mzee wa Kihonda alimpa siku nne tu. Aligeuka akanitazama. Nikasema, "Mimi."

Ndivyo nilivyokaa Kinole mwezi mzima nikilinda madebe. Mume wangu akarudi nyumbani kwetu Kihonda, akawa anajipikia. Nilileta kigoda changu, nikakaa mwanzo wa mbao, nikatazama. Nikaitwa mlinzi, nikaitwa askari wa pumba. Mtani wa fundi alikuwa akipita ananipigia saluti. Nilimrudishia. Siku ya kwanza tulipata madebe manne, tukangoja mpaka jioni, hatukuwasha kwa uchache wa madebe, si kwa ubovu, wenye madebe wakayabeba wakinisema. Siku ya pili kumi yalitimia saa sita. Injini ikanguruma mfululizo, ikachemka mpaka moshi ukageuka kutoka mweusi ukawa hauonekani, na hapo fundi akaniita nje nikautazame. Juma la pili wanawake walianza kuona raha yake. Unaacha debe ukienda mtoni, ukirudi ni unga. Mama mkwe wa fundi naye akaja, akaliweka debe lake bila kuniamkia, akasema kwa ukuta, "Liko hapo," akaondoka. Alama yake ilikuwa jogoo. Alikuja tena baada ya siku tatu, na mara hiyo akanisalimu.

Juma la tatu wifi yangu akaja na debe, kasimama, hakuliweka mstarini.

"Mwenye nyumba amesema asagiwe sasa. Ana wageni."

"Yako sita, wifi. La kwako litakuwa la saba."

"Mimi nimetumwa tu."

"Basi kamwambie aliyekutuma."

Akaja mwenyewe, na kalamu zake mfukoni. Alikuwa na wageni kweli, kama sikosei ni watu wa kanisani, na nyumba yake haikuwa na unga. Wanawake kama nane walikuwepo. Hakunitazama mimi, alimwambia fundi.

"Washa."

Ndugu yetu akanyoosha mkono kuchukua hendeli msumarini. Nilimwona na sikumlaumu. Kaka ni kaka, ndiye msemaji wetu. Lakini nilijua akiwashiwa kaka leo, kesho atakuja mama mkwe na pishi yake, na keshokutwa mtani, na mwezi haujaandama. Nikamtangulia. Nikaitwaa hendeli, nikailaza kwenye kigoda changu, nikaikalia. Ilikuwa na moto wa jua la pale msumarini.

"Shikamoo, kaka."

"Sitaki shikamoo yako. Nataka hendeli."

"Debe lako ni la saba, kaka. Yakifika kumi tunawasha."

"Unajua unaongea na nani?"

"Na kaka yangu niliyenyonya ziwa moja naye. Ungekuwa mtu mwingine ningesimama nikakuamkia vizuri."

"Sharti niliweka mimi. Mimi ninaliondoa kwa leo."

"Uliweka sharti mashine isilale. Mimi ninalilinda sharti lako. Ukitaka nisimame, sema mbele ya hawa kwamba mtoto amekwisha kushinda, aende Kihonda, na mimi nitakupa hendeli na nitakuzungushia mwenyewe."

Kaka akawaangalia wanawake, akaniangalia mimi. Ningependa kusema nilikuwa jasiri, lakini nilichokuwa nawaza ni chuma kile kinavyoniunguza. Sikusimama.

Akainama, akalichukua debe lake, akalitia kichwani mwenyewe. Mwanamume mzima, msemaji wa ukoo, na debe kichwani akipanda mlima. Hakuna aliyecheka. Hata mtani, ambaye hucheka misibani, hakucheka. Wifi alifuata nyuma mikono mitupu, anataka kumpokea, hampi. Wageni wale walikula ndizi.

Nataka nieleweke. Sikufurahi. Lakini ningeulizwa leo, nikiwa na miguu hii inayovimba, ningeikalia tena.

Mwezi ukaandama siku ya mawingu, tukabishana kidogo, ukaonekana. Mashine haikulala hata siku moja. Tukakutana wale wale, binti yangu amekuja kutoka Kihonda na ovaroli yake, hakuivua makusudi. Kaka alikuwa amenyamaza na mimi tangu siku ya hendeli. Alisimama, akasema, "Mwezi umeandama. Mashine imetembea. Arudi Kihonda." Hakuzunguka. Nitamsifu kwa hilo mpaka niingie kaburini, maana wapo wengi ambao wangezunguka.

Kisha akanigeukia.

"Lakini wewe, mdogo wangu, ulinikalia mbele ya wanawake. Kuanzia leo ukiwa na neno ukooni, usinitume mimi. Huna kaka wa kukusemea."

Kwa wasiojua: kwetu wakati ule mwanamke alikuwa na neno, lakini kinywa kilikuwa cha kaka yake. Shamba likigawanywa, binti akiposwa, msiba ukitokea, kaka ndiye anayesimama. Kunyimwa hilo ni kama kutolewa nje mvua inanyesha.

Binti yangu akaanza kulia, akasema, "Mjomba, basi nitakwenda Dar, usimfanyie mama hivyo."

"Wewe nyamaza," nikamwambia. "Umeshapewa ruhusa yako. Nenda kazini." Nikamwambia kaka, "Nimesikia. Nitajisemea mwenyewe."

Mama mdogo akanigusa goti. "Anasema nini huyu?"

"Anasema sina wa kunisemea!"

"Kwani wewe ulikuwa hujui kusema?"

Binti yangu alikaa kwenye karakana ile mpaka mzee wa Singida akazeeka, na aliyekuwa akitumwa kwenye mashine zisizopona alikuwa yeye, Dakawa, Turiani, hadi Ifakara. Daftari mkono huu, spana mkono huu. Kila alikokwenda alianza kwa kukaa siku moja akitazama watu, na mafundi wa huko walimcheka siku hiyo moja. Wanaosema alipoteza digrii yake waje waniambie imepotelea wapi, nikaiokote.

Na kaka? Tuliamkiana mpaka alipokufa. Nilimuuguza, nilimpikia uji, tulizungumza mvua na mahindi. Kunisemea hakunisemea tena. Michungwa ilipokuja kugawanywa, wanaume walisimama mmoja mmoja kwa niaba ya dada zao, na zamu yangu ilipofika pakawa na nafasi tupu, watu wakatazama chini. Nikasimama, nikafunga khanga vizuri, nikasema. Wakati naketi, mpwa wangu mmoja wa kike akasimama naye, ingawa kaka yake alikuwa amekaa pale pale. Tangu hapo kwenye ukoo wetu anayetaka kujisemea anasimama.

Haya ni ninayokumbuka mimi. Kama wewe ulikuwepo, au mama yako alikuwepo akakusimulia, na ukaona nimekosea, kwamba madebe siku ile yalikuwa matano, kwamba wageni hawakuwa wa kanisani, kwamba kaka alisema maneno mengine yaliyo laini zaidi ambayo masikio yangu hayakuyapokea, usinisengenye pembeni. Njoo Kihonda uniambie mwenyewe. Hayo ya mwisho hasa, kama aliyasema, ningependa sana kuambiwa.